Chumvi ya pwani ikifika Bukavu: namna ya kuisoma, kuisafisha na kuilaza

Mwenye kuuza chumvi Bukavu anauza kazi iliyofanyika mbali sana na yeye. Gunia linapofika Kadutu, mtaa wetu wa soko, mambo makubwa yameshaamuliwa: matope yameingia au hayakuingia, uchungu umetolewa au umebaki, iyodi imetiwa au imesahauliwa. Ndiyo maana mtu akija kwangu kujifunza biashara hii, nampeleka kwanza baharini kwa maneno, kisha tunarudi kwenye depo. Anayejua jaruba, yaani kitalu cha kukaushia maji ya bahari, linavyofanya kazi anaweza kulisoma gunia kwa mkono, kwa ulimi na kwa gilasi ya maji.

Mimi ni mzaliwa wa Idjwi, kisiwa cha Ziwa Kivu, nauza chumvi na samaki wa kukausha. Nitagusa mambo ya kwetu kisiwani pia, maana mtu wa Idjwi hawezi kuongea chumvi akaruka habari ya shingo za bibi zetu.

Chumvi inayotufikia

Kuna chumvi ya bahari kutoka Tanzania, yaani Tanga, Bagamoyo, Kilwa, Lindi na Mtwara, na ile ya Kenya kutoka Gongoni na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Hiyo ndiyo nitakayoiongea zaidi. Njia zake ni mbili. Ya kwanza ni reli ya kati ya Tanzania hadi Kigoma, reli iliyofika pale mwaka 1914, kisha Ziwa Tanganyika hadi bandari ya Kalundu kule Uvira, kisha kamyo kupanda Kamanyola na Ngomo. Ya pili ni barabara kutoka Mombasa, kupitia Uganda na Rwanda, hadi Rusizi.

Halafu kuna Uvinza, mkoani Kigoma, ambako maji ya chumvi yanatoka ardhini karibu na mito ya Malagarasi na Ruchugi. Watu wamepika chumvi pale zaidi ya miaka elfu moja, na iliuzwa hadi upande wetu wa ziwa kabla mipaka haijachorwa. Na kuna Katwe, ziwa dogo lililo ndani ya shimo la volkano magharibi mwa Uganda, upande wa Kasese. Ile ya mabonge kutoka Katwe mimi nawauzia wenye ng'ombe. Ina madini mengine mengi, na ng'ombe wanaipenda. Mtu akija kukuuzia unga wa mabonge hayo kama chumvi ya mezani, mwambie aende.

Vijana huniuliza kwa nini tusikaushe maji ya Kivu. Ziwa letu lina chumvichumvi kweli, ila juu ni kama gramu 1 tu katika lita, na nyingi yake si chumvi ya kula, ni jamii ya magadi. Utachoma kuni za kijiji kizima upate unga wa kukunja uso.

Jaruba linavyofanya kazi

Nenda pwani kwa akili. Nyuma ya mikoko kuna tambarare kavu, udongo wa mfinyanzi, mahali bahari inafika wakati wa bamvua tu, mwezi ukiwa mchanga au mpevu. Pale ndipo watu wanapochonga majaruba: vitalu vya kina kifupi vyenye kingo za udongo, kimoja kikimwagia kingine. Tanzania chumvi inahesabiwa kuwa madini, na mzalishaji mdogo anaomba leseni ya uchimbaji kama yule wa dhahabu. Kwa hiyo muuzaji wa kule anayesema ana shamba lake anatakiwa awe na karatasi. Iombe. Hata kama huna la kuifanyia, jinsi anavyojibu itakuambia kama ana shamba au ni mtu wa kati.

Lita moja ya maji ya bahari ina kama gramu 35 za vitu vilivyoyeyuka. Katika hizo, chumvi yenyewe ni kama gramu 27. Zinazobaki ni chokaa, jasi, magnesiamu na vingine, na kazi yote ya jaruba ni kuvitenga hivyo na chumvi bila mashine, kwa jua na upepo. Inawezekana kwa sababu kila kimoja kina zamu yake ya kuganda. Maji yakipungua, chokaa inatangulia kushuka. Yakibaki kama moja ya tano ya mwanzo, inashuka jasi, ileile inayochimbwa ardhini mkoani Lindi kwa ajili ya viwanda vya simenti. Yakibaki kama moja ya kumi, chumvi inaanza kuganda. Magnesiamu inabaki mwisho ndani ya maji mazito, machungu, yenye utelezi.

Mkulima mzuri wa chumvi anahamisha maji kwa zamu hizo. Vitalu vya kwanza vinabaki na matope, chokaa na jasi, na maji yanayoingia kitalu cha mwisho yawe yamefika kiwango cha chumvi. Wanaokipima kiwango hicho kwa chombo wanatumia kipimo cha Baumé, kijiti cha kioo kinachoelea: kwenye digrii 25 na nusu hivi chumvi inaanza, na kabla ya kufika 30 maji yaliyobaki yanatakiwa kumwagwa. Asiye na chombo anatumia yai. Lakini yai linadanganya. Yai bichi linaelea tangu maji yakiwa na chumvi kama sehemu 12 kwa 100, na maji yaliyoshiba yana zaidi ya 26 kwa 100. Yai likielea, bado kuna safari. Wazee wa majarubani hutazama rangi: maji yanapokaribia kushiba yanakuwa ya waridi, kwa sababu ya vijidudu vinavyopenda chumvi kali.

Makosa mawili ya kule ndiyo yanayotufikia huku. La kwanza ni kuvuna kitalu kilichokauka kabisa. Mtu hakumwaga maji ya mwisho, akayaacha yaishe yote, na magnesiamu ikalala juu ya chumvi. Ana kilo zaidi, na wewe una uchungu zaidi. La pili ni kukwangua kwa nguvu hadi udongo wa chini, hasa pale ambapo sakafu ya kitalu ni laini. Hapo unapata chumvi ya kijivu.

Baada ya kuvuna, chumvi inarundikwa ichuruzike. Rundo lililokaa wiki nyingi, hata likanyeshewa kidogo, linakuwa safi kuliko la jana, kwa sababu magnesiamu inayeyuka upesi na kushuka na maji. Chumvi nyingi ya pwani inavunwa miezi ya ukavu, kabla ya vuli na kabla ya masika. Basi mwezi wa mavuno ni swali la kuuliza kabla ya bei.

Kuna pia wanaokwangua udongo wenye chumvi, wanauchuja kwa maji na kuyapika kwenye sufuria pana juu ya moto. Chumvi yao ni laini na nyeupe, wamama wanaipenda. Mimi siitafuti. Kuni zake mara nyingi ni mikoko yenyewe, na mikoko ikiisha bahari inakula kingo za majaruba ya jirani.

Kusoma gunia

Fungua gunia juu, kisha ingiza mkono ndani hadi kiwiko. Usinunue kwa kuangalia mdomo wa gunia. Chumvi ya chini ndiyo inayobeba maji, na mkono ukitoka umelowa na unateleza kama umeshika sabuni, hiyo ni magnesiamu.

Chukua punje moja kubwa, iweke ulimini, isubiri. Chumvi safi inakuwa kali na kuisha. Ile mbaya inaacha uchungu nyuma ya ulimi, uchungu unaobaki baada ya ukali kuondoka. Usionje unga, onja punje, kwa sababu unga unachanganya kila kitu.

Kisha gilasi. Weka vijiko viwili vikubwa kwenye gilasi ya maji safi, koroga hadi iyeyuke, iache itulie kama nusu saa. Mchanga unatua mara moja. Matope yanachelewa na kuyafanya maji yawe ya moshi. Ukiona vumbi jeupe chini ambalo halitaki kuyeyuka hata ukiongeza maji kidogo, hiyo ni jasi: jaruba halikutenganishwa vizuri. Jasi kidogo haina shida kubwa. Matope yana shida, maana mteja anayaona kwenye mchuzi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu.

Jaribio la mwisho linataka usiku mmoja. Weka konzi ya chumvi unayotaka kununua kwenye sahani moja, na konzi ya chumvi laini ya paketi kwenye sahani nyingine, zote nje ya jua, zikae hadi asubuhi. Ni lazima ziwe mbili. Chumvi safi nayo inavuta maji, hewa ikipita unyevu wa sehemu 75 kwa 100, na Bukavu wakati wa mvua inapita mara nyingi. Lakini magnesiamu inaanza kuvuta tangu 33. Kwa hiyo siku ambayo ile ya paketi imebaki kavu na ya gunia imeota jasho, jibu unalo. Zikilowa zote, rudia siku ya jua.

Jaruba dogo la nyumbani

Haya yote utayashika vizuri ukiyaona kwa macho. Subiri kiangazi, kati ya mwezi wa sita na wa nane, wakati jua letu lina nguvu na mvua imetuacha. Tafuta kilo moja ya chumvi mbaya kabisa, ya kijivu na yenye maji. Iyeyushe katika lita tatu za maji, koroga kwa mti, usitumie chuma. Itachukua muda kuyeyuka kwa sababu hapo umekaribia kushibisha maji. Chuja kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne. Yaache yatulie usiku kucha kwenye bidoni, na kesho yake mimina polepole, ukiacha tope chini.

Mimina maji hayo kwenye beseni pana la plastiki, likiwa jeusi ni bora zaidi, kina kisizidi vidole viwili. Liweke juani, na juu yake tandika neti kuzuia vumbi na nzi, ila upepo upite. Jioni lifunike.

Sasa chuchumaa utazame. Punje za kwanza hazizaliwi chini. Zinazaliwa juu ya maji, vipande vya mraba vyembamba sana vinavyoelea. Kila kimoja kinaongezeka pembeni na kuzama katikati, hadi kinakuwa piramidi ndogo tupu ndani, kichwa chini. Ukigusa beseni, zinazama zote pamoja. Ukiliacha bila kuligusa, punje zinakuwa kubwa na ngumu. Ukilikoroga kila saa, zinakuwa ndogo. Mteja anayekuambia chumvi ya punje kubwa ni ya aina nyingine, mwambie ni upepo na subira tu.

Baada ya siku kadhaa maji yatakuwa yamebaki kama gilasi moja. Hapo simama. Usiyaache yakauke. Inamisha beseni, yamimine pembeni, kisha chovya kidole uonje. Huo uchungu ndio uliokuwa ndani ya gunia. Kusanya chumvi kwa kijiko cha mti, iweke kwenye kitambaa, iache ichuruzike, kisha ianike. Itakuwa nyeupe, nawe utakuwa umerudia kwenye beseni kazi ambayo mtu wa Bagamoyo aliifanya vibaya kwenye kitalu.

Chumvi hiyo ni ya somo. Usipike nayo kila siku, kwa sababu iyodi yote, kama ilikuwepo, imekwenda na yale maji uliyomwaga.

Kuosha gunia zima

Wauza samaki ndio wanaohitaji kazi hii. Chumvi yenye magnesiamu na jasi inachelewa kuingia kwenye nyama ya samaki, inaifanya ngumu na kuipa uchungu, na chumvi mbichi ya bahari inaweza kubeba vile vijidudu vya waridi vinavyowageuza samaki wekundu baada ya wiki chache. Kwa samaki tumia chumvi ya zamani, iliyooshwa.

Kosa ambalo kila mtu anataka kulifanya ni kuosha chumvi kwa maji ya kawaida. Utaona inapungua mbele ya macho. Inaoshwa kwa maji yaliyoshiba chumvi, ambayo hayawezi kuyeyusha zaidi, ila yanachukua magnesiamu na matope. Bidoni la lita 20 linahitaji kilo 7 na gramu 200 za chumvi safi. Koroga hadi iyeyuke, na punje chache zikibaki chini bila kuyeyuka ndiyo dalili kwamba maji yameshiba. Mimina kwenye pipa la plastiki, ingiza chumvi ya gunia kidogo kidogo ndani ya kikapu au ndoo iliyotobolewa chini, zungusha, inua, acha ichuruzike. Chini ya ndoo pasiwe na udongo. Weka beseni, kwa sababu maji hayo utayatumia tena.

Maji yakiwa ya moshi, yaache yatulie na uyahamishe. Yakianza kuteleza mkononi, yamechoka: yamwage mbali na bustani na mbali na mizizi ya ndizi za jirani. Pipa la chuma sikushauri hata siku moja. Chumvi inakula chuma na kukurudishia kutu. Hata mizani ya chuma uifute kila jioni, na misumari ya mabati juu ya depo itazame.

Kianike kilichooshwa juu ya shitingi safi, ukigeuze. Kisha pima tena kilo. Gunia la 50 halitarudi 50, kwa sababu punje ndogo zimekwenda na maji na unyevu umetoka. Hesabu bei yako kwa kilo kavu. Anayehesabu kwa gunia lililofika atakuwa anauza maji ya bahari kwa hasara.

Iyodi

Watu wengi wanaamini chumvi ya bahari ina iyodi kwa sababu imetoka baharini. Iyodi inayobaki ndani yake baada ya kukauka ni kidogo mno, haimfai mtu. Lazima itiwe. Kwenye paketi za Tanzania utasoma "madini joto", ndiyo hiyo.

Kwetu Idjwi hili si jambo la karatasi. Tangu miaka ya 1960 madaktari, wakishirikiana na taasisi ya utafiti ya Lwiro, walikuja kuchunguza rovu, ule uvimbe wa shingo, kisiwani. Walikuta watu wa kaskazini ya kisiwa wana rovu wengi sana, na wa kusini-magharibi wachache, ingawa iyodi ilikuwa pungufu pande zote mbili. Tofauti waliiona kwenye muhogo. Muhogo mchungu usiolowekwa vizuri una sumu ambayo mwili unaigeuza kuwa kitu kinachozuia tezi ya shingo kushika iyodi kidogo iliyopo. Kazi yao juu ya Idjwi ilisomwa mbali, na matokeo yake makali zaidi ni yale ya watoto wanaozaliwa akili na miguu vikiwa vimedumaa kwa sababu mama alikosa iyodi wakati wa mimba. Kwa hiyo mteja wangu anayekula ugali wa muhogo na sombe kila siku, mimi simuuzii chumvi isiyo na iyodi kwa kula, hata akiomba kwa sababu ni rahisi.

Hesabu yake si ngumu. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 za iyodi kwa siku, mama mjamzito 250. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, kijiko kimoja cha chai. Gramu 5 za chumvi yenye iyodi sehemu 30 kwa milioni zinatoa zile 150 kamili. Kiwango cha chini kinachokubaliwa chumvi ikiwa tayari jikoni ni 15 kwa milioni.

Je, uitie mwenyewe? Wengi wananiuliza. Dawa yenyewe ni iyodeti ya potasiamu, na ili tani moja ya chumvi ipate iyodi 40 kwa milioni zinahitajika gramu 67 tu. Kwa gunia la kilo 50 ni gramu 3 na kitu. Fikiria gramu 3 zigawanyike sawasawa kwa kila punje ya gunia. Ukikosea, kijiko kimoja kina nyingi mno na kingine hakina kitu. Viwandani wanaiyeyusha kwenye maji na kuinyunyiza huku mashine ikigeuza chumvi. Kwa beleshi kwenye depo, mimi sifanyi na sikushauri. Nunua chumvi ya kula ikiwa imeshatiwa, na chumvi mbichi iende kwa samaki na ng'ombe tu, kwenye magunia yenye alama ya rangi tofauti.

Kupima kama ipo kuna chupa ndogo za dawa ya kudondoshea zinazotumika kwenye kazi za afya. Unadondosha tone kwenye chumvi, inageuka zambarau au buluu. Chupa hiyo inakuambia ipo au haipo. Kiasi kamili ni kazi ya maabara. Soma kwenye chupa kama ni ya iyodeti, kwa sababu zipo za aina mbili. Ile hila ya maji ya wanga na ndimu inayozungushwa kwenye simu usiitegemee: wanga peke yake haugeuki rangi kwa iyodeti, na unaweza kuitupa chumvi nzuri.

Pima gunia la juu, la katikati na la chini ya mzigo. Moja likikataa, pima matatu zaidi kabla hujalipa.

Kuilaza Bukavu

Mji wetu una miezi mingi ya mvua na depo nyingi ziko mteremkoni, maji yanapita chini ya ukuta. Usiweke gunia kwenye sakafu ya simenti. Panga mbao juu ya matofali, mkono upite chini, na acha nafasi kati ya gunia na ukuta. Gunia la nje liwe la plastiki iliyofumwa, ndani liwe na mfuko mzima wa plastiki uliofungwa shingoni. Unyevu ukiingia na kuchuruzika, iyodi inatoka nao. Hata jua la mlangoni linaipunguza. Mama anayeuza kwa kopo barabarani, chumvi wazi kwenye sinia kuanzia asubuhi hadi jioni, anauza chumvi inayodhoofika kila saa. Nimewashauri wale wanaochukua kwangu wafungashe vimfuko vidogo nyumbani, waviweke kwenye sinia vikiwa vimefungwa. Wateja walinung'unika kidogo kwamba hawaoni kipimo, sasa wamezoea.

Chumvi isilale na petroli, sabuni wala makayabo, yaani samaki wa chumvi. Inachukua harufu. Na mteja wa rejareja mwambie aiweke kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na moshi wa mbabula, na aitie kwenye sombe mwishoni, chungu kikikaribia kushuka, kwa sababu mvuke unabeba sehemu ya iyodi.

Siku ya kununua

Ukipiga simu pwani au Kigoma, maswali yangu ni haya, kwa mpangilio huu: ilivunwa mwezi gani, ilikaa kwenye rundo muda gani kabla ya kufungwa, imetiwa iyodi wapi, gunia lina mfuko wa ndani au hapana, uzito umepimwa ikiwa mbichi au kavu. Bei ni la sita. Muuzaji anayejua shamba lake anajibu bila kupumzika. Anayesema "chumvi ni chumvi tu, mama" mshukuru na ukate simu.

Karatasi za forodha na za OCC, ofisi ya Kongo ya ukaguzi wa bidhaa, zifuate mzigo wenyewe, zisifuate kamyo ya kesho. Andika kwenye fakitire uzito wa kufika, na mkubaliane kabla ya safari nani anabeba upungufu wa njiani. Gunia lililotoka Lindi likiwa bichi litafika jepesi hata kama hakuna aliyeiba, na ugomvi mwingi kati ya dereva na mwenye mali unaanzia pale.

Kwa mara ya kwanza usichukue tani. Chukua magunia machache kutoka wauzaji wawili tofauti, yafungue siku moja, yapitishe kwenye mkono, ulimi, gilasi na sahani ya usiku, ya wauzaji wote wawili kwa pamoja. Kwenye kila gunia andika kwa wino usiofutika mwezi wa kufika na siku uliyopima iyodi. Lililotangulia kufika litoke kwanza, na lililokaa hadi mvua za mwezi wa tisa lipimwe upya kabla hujalifungua kwa mteja.